Lipu Gani Ifaayo Kuta za Nje za Nyumba ya Zamani: Chaguo Sita kwa Daraja

Nyumba za pembezoni mwa miji zilizojengwa miaka sitini, sabini au zaidi iliyopita aghalabu huchoka nje kabla ya kuchoka ndani. Lipu imepasuka kuanzia pembe za madirisha, rangi imevimba na kumenyuka upande unaopigwa na mvua, na chini karibu na ardhi pameota mstari mweupe wa magadi. Fundi akiitwa, huutazama ukuta kwa dakika chache kisha husema ibanduliwe yote, ipigwe upya kwa saruji nzito ili mambo yaishe. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba ambaye amekwisha kulisikia pendekezo hilo lakini bado hajalipa malipo ya awali.

Msimamo wangu nauweka mapema, kwa kuwa madaraja yote yaliyo hapa chini yanatokana nao: lipu huchaguliwa kwa kuutazama ukuta ulio nyuma yake. Mnunuzi anayeanza na kitabu cha sampuli za rangi, au na swali la lipu ipi ni ngumu kuliko zote, anaweza kununua bidhaa nzuri kabisa na bado akaiharibu nyumba.

Ukuta wako ni wa aina gani?

Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, Joseph Aspdin alipoiandikisha nchini Uingereza, lakini chokaa iliendelea kujengea nyumba za kawaida kwa miongo mingi baadaye, hadi ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo nyumba ya zamani inaweza kuwa ya moja kati ya aina mbili zinazotofautiana sana. Aina ya kwanza ni ukuta mzito usio na uwazi katikati, wa matofali ya kuchoma au mawe yaliyounganishwa kwa mota laini ya chokaa. Ya pili ni ukuta wa matofali ya saruji, au wa ngozi mbili zenye uwazi katikati, uliojengwa kwa mota ya saruji.

Kuzitambua si kazi kubwa. Mahali ambapo lipu imedondoka, ikwaruze mota kwa ncha ya ufunguo: ikichimbika na kumwagika kama unga wenye chenga, hiyo ni ya chokaa, na ufunguo ukiteleza na kuacha alama tu, hiyo ni ya saruji. Tazama pia jinsi matofali yalivyopangwa. Ukiona vichwa vya matofali vikipishana na mbavu zake katika uso wa ukuta, kwa kawaida tofali lililoonyesha kichwa limelazwa kukatiza unene wote, na hapo ukuta hauna uwazi ndani. Unene wenyewe unapimika mlangoni au dirishani, ukikumbuka kutoa unene wa lipu ya pande zote mbili.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ukuta mzito wa zamani haukukusudiwa kuzuia maji yasiingie hata tone. Hunywa mvua kidogo, kisha huitoa kama mvuke jua na upepo vinapoupiga. Ukifunikwa kwa ganda gumu lisilopumua, ganda hilo litapasuka tu siku moja, maana ukuta laini husogea na ganda haliwezi kuufuata. Ufa mwembamba kama unywele hufyonza maji kwa nguvu, lakini njia ya kuyatoa haipo tena. Maji hubaki nyuma ya lipu, huyeyusha chumvi zilizomo katika matofali, na chumvi hizo zinapoganda upya kuwa fuwele ndani ya vinyweleo, huubomoa uso wa tofali kidogokidogo. Penye baridi kali mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9.

Niliwahi kushika kwa mikono miwili kipande cha lipu ya saruji kilichoanguka kutoka ukuta wa namna hiyo, kikubwa kama sinia. Upande wa mbele kilikuwa kizima, bila ufa wowote wa maana. Nilipokigeuza, mgongoni kilikuwa kimebeba sura za matofali manne, zimeng’oka nacho, nyekundu na zenye unyevu, na mistari ya mota ikionekana katikati yake kama ramani. Lipu ilishinda, tofali likashindwa. Na tofali ndilo lililokuwa limeibeba nyumba.

Maji kwanza, lipu baadaye

Hakuna bidhaa ya dukani itakayotibu gata linalovuja, kwa hiyo kabla ya kununua mfuko hata mmoja, zunguka nyumba wakati mvua inanyesha. Tazama viungo vya gata na mabomba yake, tazama kama vizingiti vya madirisha vimetokeza vya kutosha na vina mfereji mdogo chini yake wa kuyakatisha maji, kisha tazama usawa wa ardhi. Bustani na sakafu za nje hupanda miaka inavyokwenda, hadi zikaufunika mkanda wa kuzuia unyevu uliomo ukutani. Ardhi inapaswa kuwa angalau milimita 150 chini ya mkanda huo, na lipu mpya isivuke mkanda kwenda kugusa udongo. Ufa wenye upana unaozidi milimita 5, au unaoendelea kupanuka, ni suala la mhandisi na si la muuza lipu.

Baada ya hapo, gonga ukuta wote kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, na uchore kwa chaki kila mahali panapotoa sauti ya mvungu. Mchoro huo ndio utakaokuambia unahitaji kununua kiasi gani.

Daraja la kwanza: kutia viraka na kupaka rangi ya madini

Chaguo hili mafundi hulitaja mara chache, kwa kuwa kazi yake ni ndogo. Ikiwa maeneo yenye sauti ya mvungu hayafiki robo ya ukuta, na lipu iliyobaki imeshika barabara, sioni sababu ya kubandua yote. Kubandua lipu iliyoshika kwa nyundo na patasi huvunja kingo za matofali na kufungua matatizo ambayo hayakuwepo. Kata sehemu mbovu kwa kingo zilizonyooka, jaza kwa mota ya aina ileile iliyokuwepo, isiwe ngumu kuliko jirani yake, kisha paka rangi ya silikati.

Rangi ya silikati haifanyi kazi kama rangi za kawaida. Kiunganishi chake ni silikati ya potasiamu, na utaratibu wake ulipewa hataza mwaka 1878 na Adolf Wilhelm Keim wa Bavaria, Ujerumani. Haikai juu ya ukuta kama ngozi. Huingia ndani na kushikana na madini yaliyomo katika lipu, kwa hiyo haiwezi kumenyuka kwa maganda, na mvuke hupita bila kizuizi cha maana. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: haishiki juu ya rangi ya plastiki. Jaribu kwa kunyunyiza maji. Ukuta ukiyanywa na kubadilika rangi, unafaa. Maji yakitiririka kama juu ya sahani, rangi ya zamani lazima iondolewe kwanza. Rangi za miaka mingi zinaweza kuwa na risasi, na baadhi ya mipako minene ya zamani ina asbesto, kwa hiyo pimisha kabla ya kugusa, na usikubali mtu apige msasa mkavu.

Daraja la pili: lipu ya chokaa ya haidroli

Ukuta mzito wa zamani ukiwa hauna budi kupigwa lipu upya, hii ndiyo ya kununua, na kama daraja la kwanza halikuhusu, ihesabu hii kuwa ya kwanza. Chokaa ya haidroli huanza kukaza kwa maji kama saruji, kisha huendelea kwa miezi kujikaza kwa kuvuta hewa ya kaboni. Hubaki laini kiasi cha kusogea pamoja na ukuta, na hupitisha mvuke.

Mifuko yake katika mfumo wa Ulaya huandikwa NHL 2, NHL 3.5 na NHL 5, NHL ikiwa kifupi cha Kiingereza cha chokaa asilia ya haidroli. Tarakimu hiyo ni nguvu ya chini kabisa ya kuhimili mgandamizo baada ya siku 28, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Mnunuzi mgeni huona 5 akadhani ndiyo bora, kumbe kwa tofali laini lililokula miaka, 2 au 3.5 ndiyo ifaayo, na 5 ibaki kwa kuta ngumu zilizo wazi kwa dhoruba. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 2 na nusu hadi 3 za mchanga.

Kosa ambalo hutokea kaunta ya duka zaidi ya mengine yote ni kuchanganya chokaa ya haidroli na chokaa ya unga iliyozimwa. Zote mbili ni unga mweupe au wa kijivu hafifu katika mfuko wa karatasi, na zote huitwa chokaa. Ile ya unga iliyozimwa haikazi kwa maji. Kazi yake kubwa ni kulainisha mota ya saruji. Ukiipiga peke yake nje ukitarajia ikaze kwa siku chache kama ya haidroli, mvua ya kwanza inaweza kuiosha. Soma mfuko, usisikilize jina analolitamka muuzaji.

Udhaifu wa chaguo hili ni muda na watu. Tabaka moja halifuatwi na jingine kesho yake, na lipu mbichi lazima ikingwe na jua kali, upepo na mvua kwa magunia yaliyoloweshwa, ikinyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku kwa wiki ya kwanza au zaidi. Fundi aliyezoea saruji huona uvivu huo akaamua kutia “saruji kidogo tu” ili ishike haraka. Andika katika makubaliano kwamba haruhusiwi, kwa sababu kuchanganya hivyo kunaharibu tabia ileile uliyoilipia. Chokaa pia huunguza macho na ngozi. Miwani ya kazi na glavu ni sehemu ya manunuzi.

Daraja la tatu: saruji, chokaa na mchanga

Kwa nyumba ya matofali ya saruji, lipu hii inapanda hadi kileleni, na ndiyo ambayo mafundi wengi wanaiweza. Uwiano unaojulikana ni 1:1:6, yaani sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa ya unga na sita za mchanga; penye ukuta dhaifu zaidi hutumika 1:2:9. Chokaa huifanya mota inate na kunyumbulika, hivyo nyufa ndogo hupungua.

Uwiano huo hupotea haraka sana mikononi mwa mtu anayepima kwa koleo. Mchanga wenye unyevu huvimba, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo au zaidi ukilinganishwa na mchanga mkavu, huku koleo la saruji likibeba kiasi tofauti na koleo la mchanga. Nunua ndoo mbili za ukubwa mmoja na udai zitumike kila mchanganyiko, zikisawazishwa juu kwa ubao. Ni matumizi madogo kuliko yote utakayoyafanya katika kazi hii, na huenda yakawa yenye faida kubwa kuliko yote.

Tabaka la kwanza huwa la milimita 8 hadi 12 na hukwaruzwa kwa mistari ili la pili lipate pa kushika. Unene wote kwa kawaida huishia kati ya milimita 15 na 20. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba kila tabaka liwe dhaifu kidogo kuliko lililo chini yake, na jembamba zaidi. Fundi anayemalizia kwa niru ya saruji tupu ili uso ung’ae amekiuka kanuni hiyo waziwazi, na nyufa za mtandao kama za buibui zitamfuata.

Daraja la nne: lipu nyembamba ya silikoni

Hii ni ya kisasa: tabaka la msingi la milimita 5 au 6 lenye wavu wa nyuzi za kioo ndani yake, kisha umalizio wenye punje za milimita 1.5 hivi, wenye rangi tayari. Huyasukuma maji ya mvua, huruhusu mvuke kupita zaidi kuliko umalizio wa akriliki, yaani wa plastiki, na wavu huzuia nyufa ndogo, hasa vikiongezwa vipande vya wavu vya mshazari kwenye pembe za madirisha, mahali nyufa zinapoanzia. Inafaa ukuta mnyoofu, mkavu, wa matofali ya saruji. Haipendi ukuta wenye mabonde wala unyevu unaopanda kutoka chini. Ukiichagua, nunua mfumo mzima wa mtengenezaji mmoja, kuanzia kitangulizi hadi umalizio, kwa sababu dhamana mara nyingi huanguka mnunuzi anapochanganya ndoo za huku na huku.

Daraja la tano: lipu ya mfuko ya tabaka moja

Huchanganywa na maji tu, hupigwa milimita 15 hadi 20 kwa siku moja, kisha hukwanguliwa ili ipate sura ya mawe madogo. Kasi yake ni ya kuvutia. Hata hivyo rangi hutofautiana kati ya kundi moja la mifuko na jingine, kwa hiyo ukuta mmoja uishe kwa mifuko yenye nambari moja ya kundi, na kiraka chochote cha baadaye kitaonekana daima. Kwa tofali laini la zamani, nyingi ya lipu hizi ni ngumu mno.

Ugumu huo unaweza kusomwa. Mifuko inayofuata kiwango cha Ulaya EN 998-1 huwa na alama kuanzia CS I hadi CS IV. CS I ni kati ya 0.4 na 2.5, CS II ni 1.5 hadi 5, CS III ni 3.5 hadi 7.5, na CS IV ni 6 na kuendelea, kwa kipimo kilekile cha nyutoni. Kwa ukuta mzito wa zamani tafuta CS I au CS II. Mfuko usio na alama yoyote, wenye picha ya jumba tu, uache palepale.

Daraja la sita: saruji nzito na akriliki

Mota ya sehemu 1 ya saruji kwa 3 za mchanga bila chokaa, na umalizio wa akriliki au rangi nene ya plastiki, nimeziweka pamoja kwa kuwa kosa lao ni moja: hufunga. Juu ya ukuta wa matofali ya saruji ulio mkavu, akriliki inaweza kuishi vizuri kwa miaka. Juu ya ukuta wa chokaa, sitaipendekeza kwa yeyote, hata ikiwa ya bure.

Mchanga na kiasi

Lipu nzuri hufa kwa mchanga mbaya. Unahitajika mchanga uliooshwa, wenye punje kali za ukubwa mchanganyiko hadi milimita 4 au 5, usiotoka baharini. Tia mchanga nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa, uache utulie hadi kesho yake. Tabaka la tope litakalokaa juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, urudishe mzigo.

Kuhusu kiasi, mita 1 ya mraba yenye lipu ya milimita 20 inahitaji lita 20 za mota, hivyo ukuta wa mita za mraba 100 unahitaji mita za ujazo 2. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 3, chokaa au saruji hujaza nafasi zilizo kati ya punje, na kwa sababu hiyo ujazo wa mota hukaribia ule wa mchanga peke yake: agiza mita za ujazo 2 za mchanga na uongeze asilimia 10 hadi 15 ya upotevu, ukikumbuka kwamba ukuta wenye mashimo hula zaidi.

Makubaliano na fundi

Omba bei iliyoandikwa ikitaja kila kitu kwa jina: kubandua na kuondoa kifusi, jukwaa na muda litakalokaa, idadi ya matabaka na unene wake, uwiano wa mchanganyiko, aina ya vyuma vya pembe (karibu na bahari viwe vya chuma kisichoshika kutu), na nani atanyunyizia maji Jumapili. Kazi isifanywe joto likiwa chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 30 za Selsiasi, wala jua likiwa linaupiga ukuta moja kwa moja. Mtake apige kwanza mita 1 ya mraba ya mfano upande wa nyuma, uikague ikiwa imekauka, maana rangi ya lipu mbichi hudanganya.

Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi hadi lipu itimize siku 28. Siku hiyo, jukwaa likiwa bado limesimama, panda mwenyewe na mpini wa mwiko, ugonge kuanzia chini ya paa kushuka, ukianza na pembe za madirisha, na chaki iwe mfukoni.